Chumba Kilichobakiza Miguu Nje

Hadi leo Hosiyat akipita kona ya njia ya sokoni, macho hushuka yenyewe hadi kizingitini pa kile chumba kidogo kutafuta miguu. Haipo, na anajua haipo. Mwenye miguu alisharudi kwao Namangan, sasa ana wajukuu wa kumkanyaga. Lakini kile ndicho kilikuwa chumba chake cha kwanza cha kupangisha, na cha kwanza hakisahauliki hata kiwe kibaya namna gani. Mume pia ni hivyo hivyo.

Enzi hizo hakuwa na chumba cha kupangisha wala akiba, na muda ndio kabisa. Alikuwa mjane, kibarua wa kiwanda cha hariri hapo mjini Margilan, kazi yake kuvuta nyuzi kutoka kwenye vifuko vya viwavi vilivyochemshwa. Vidole vyake viliiva kwa maji ya moto mpaka vikajikunja kama zabibu kavu. Akitoka zamu, ng'ombe anamngoja, tanuri la mkate linamngoja. Nia yake ilikuwa moja tu: vidole vya binti yake, Zebiniso, visiingie kwenye maji yale. Zebiniso alitaka kusomea uuguzi Fergana, na masomo hula kila mwezi, hayangoji bahati.

Mali aliyokuwa nayo ni mipopla. Kule, mtoto wa kiume akizaliwa, baba hupanda mipopla kando ya mfereji, ili kijana akifika kuoa, miti iwe imenyooka na kunenepa, ikatwe boriti za kuezekea chumba chake. Hosiyat alizaa msichana, akapanda vilevile.

Jirani yake Ergash alicheka mpaka akashika ukuta. "Dada Hosiyat, boriti za nani hizo? Msichana anakwenda kulala chini ya paa la watu!"

"Nampandia atakayeuliza sana," alimjibu.

Uzuri wa mipopla haikuomba ruhusa kazini. Yeye yuko kiwandani, yenyewe inakunywa maji na kurefuka. Na kila jioni akirudi, Hosiyat alikuwa anaona jambo jingine ambalo Ergash halioni: wanawake wote waliotoka sokoni walitua vikapu vyao mahali pamoja, kwenye kona ya kiwanja cha Ergash, ambako yeye alimwaga majivu.

Ukaja ule mwaka pesa ya zamani imeoza na mpya haijaeleweka. Ukiuza ng'ombe Jumatatu, Ijumaa pesa ile inakununulia mkia. Ndipo Dilmurod, mwana wa Ergash, akapata mchumba, harusi vuli ile ile. Na mipopla ya Ergash? Mbuzi wake mwenyewe walikuwa wameitafuna mara mbili.

Ergash akaja kutaka boriti, kofia mkononi. Hosiyat akamtilia chai kidogo tu kikombeni, kwa heshima, maana kule mgeni unayempenda humwongezea mara nyingi. Ukimjazia hadi ukingoni, unamwonyesha mlango.

"Dada, nitakupa pesa. Gunia zima."

Hosiyat akajaza kikombe pomoni.

"Basi, basi! Kondoo wawili."

Akakimwaga, akatia nusu.

"Sasa wewe unataka nini, mama wee?"

"Ile kona unayomwaga majivu."

"Lile jaa?"

"Lile lile. Na kuta nne juu yake, wajenge vijana wako."

Ergash hakuwa mjinga kiasi hicho. Akamtazama. "Umeona kitu pale. Haya, chukua. Lakini mimi nachukua miti yote minene."

Hosiyat akaweka birika chini. Miti minene ikienda, atakuwa na kuta bila paa, na Zebiniso anaanza chuo baada ya wiki chache. Akikataa, atakuwa na paa bila pa kuliweka. Akaiangalia mipopla kupitia dirishani. Nyuma ya ile minene kulikuwa na michache aliyoipanda baadaye, myembamba kama shingo ya bata.

"Chukua," alisema. "Ila hao vijana wajenge kabla ya harusi. Bwana harusi akishaoa hainui tofali."

Wazee wa mtaa wakashuhudia, vijana wakajenga. Watu wengine hupima chumba kisha wakatafuta boriti. Hosiyat alipima boriti zake nyembamba na fupi, kisha akasogeza kuta karibu. Mtaa mzima ukaja kucheka. "Chumba hiki ni cha mtu au cha ufagio?" Ergash aliuliza.

Udongo wa ukutani haujakauka, akaja mpangaji. Botir, fundi saa kutoka Namangan, mrefu kama mpopla wenyewe. Akajilaza kujaribu. Miguu ikabaki nje.

"Mama, na hii?"

"Miguu sikutozi, mwanangu. Ikae bure."

Akakaa, maana alishaona wanawake wakitua vikapu. Mtu akipumzika hukumbuka saa yake imesimama. Kiangazi Botir alipolala mchana, wapita njia waliisalimia ile miguu, na watoto waliichomekea aprikoti katikati ya vidole. Kodi alilipa kwa unga, mchele na mafuta, kitu kisichooza kufikia Ijumaa, na Zebiniso akasoma kwa chakula kile hadi akavaa sare nyeupe ya uuguzi. Vyumba vingine vilifuata, vipana, vyenye madirisha. Hakuna hata kimoja kilichomchekesha hivyo.

Jana Ergash, mzee sasa, alitua kikapu chake pale pale. "Dada, naruhusiwa kupumzika kwenye jaa langu?"

"Pumzika. Kodi nitakuja kuidai nyumbani kwako."

Zebiniso alikuwa ndani na kamba ya kupimia. "Mama, boriti hizi zimepinda. Tubomoe, tutanue, tuweke vyuma."

Hosiyat hakutazama boriti. Alitazama ile kamba ilivyokuwa inateleza kwenye vidole vya binti yake, vidole laini, vyeupe, visivyojua sufuria la kiwanda.

"Tanua," alisema. "Lakini hicho kizingiti usikiguse. Botir akija kututembelea, ataweka wapi miguu?"