Kofia Ishirini na Sita

Kazi ya Mama Kofia ilikuwa kufua kofia za njano wanazovaa watu waendao kutazama nyangumi. Boti ikirudi saa sita mchana, kila mtu huvua yake na kuitia kapuni. Karani wa gati huhesabu kofia, si vichwa, maana vichwa havitulii: huyu kakimbilia chooni, yule bado anapiga picha. Zikitimia huandika kitabuni: Wote wamerudi.

Ndivyo alivyohesabu hata siku ile ya mawimbi, mwaka jana. Mume wa Mama Kofia alikuwa mpiga filimbi wa boti. Nyangumi akitoa pumzi, yeye hupuliza ili abiria wageuke. Siku hiyo aliinama kumwokotea bibi mmoja miwani, akateleza, akaingia majini bila kelele. Kofia yake ilibaki kwenye benchi. Abiria mmoja muungwana akaiokota, akaitia kapuni pamoja na yake. Zikawa ishirini na sita, kamili. Hakuna aliyekwenda kumtafuta.

Na kwa kuwa kitabu kilisema amerudi, alirudi. Kesho yake saa kumi alasiri nyangumi jike alisogea mpaka gatini, mume akashuka mgongoni mwake, akapanda ngazi huku akichuruzika maji. Tangu hapo alikuja kila siku. Nyangumi huzama chini ya gati kumsubiri, akiibuka kuvuta pumzi, muda umekwisha. Unatosha kikombe kimoja cha chai na maongezi kidogo.

"Chai hii haina sukari."

"Nimetia vijiko vitatu."

"Basi ni ulimi wangu. Huko chini chumvi tupu, mama watoto. Kila kitu kama umepika wewe."

Mama Kofia alimchapa begani kwa taulo, wakacheka.

Lakini siku moja hakucheka. Alishika kikombe kwa mikono miwili, akasema, "Nimechoka kurudi. Kila siku niko njiani. Nyumbani sijafika, na huko nako sijafika."

Mama Kofia alirudi kwenye beseni lake la kofia. Alijua kinachomrudisha ni lile neno la kitabuni, na kwamba likifutwa, hatamwona tena. Alikaa na hilo mpaka povu la sabuni likamkaukia mikononi. Kisha akajifuta kwa kanga yake, akaenda ofisini.

"Karibu, shemeji," karani akasema, akamvutia kiti.

"Sikai. Nataka ufute pale pa mwaka jana. Andika mmoja alibaki baharini. Na kuanzia kesho uhesabu vichwa."

Karani alifungua kitabu, akapata ukurasa, akausoma kwa kidole. Halafu akatazama dirishani. Kwenye benchi la gati mtu alikuwa anakunywa chai, na maji yalimtiririka hadi chini ya miguu.

"Yule pale ni nani?"

"Ni mume wangu."

"Sasa si amerudi?"

"Amerudi, ndiyo, lakini..."

"Shemeji yangu, kitabu hiki hakina mahali pa lakini." Alilisema kwa upole, maana alikuwa mtu wa heshima, na marehemu alikuwa rafiki yake. Alimpungia mkono kupitia dirishani, akapungiwa. Kisha akamkabidhi Mama Kofia kapu la siku hiyo, kofia zote zimo.

Mama Kofia alilibeba hadi kwenye benchi, akaliweka chini.

"Kasemaje?" mumewe akauliza.

"Kasema umerudi."

"Haya."

"Kesho nitamfuata mkubwa wake."

"Nenda. Ila usigombane naye, pumzi yako fupi."

Mumewe alimsogezea nafasi, naye akaketi. Akachukua taulo akamfuta mgongo, mabega, na nyuma ya masikio anapopasahau siku zote. Taulo ikalowa chapachapa. Akaikamua ukingoni mwa gati, akaanza tena kutoka shingoni, polepole, maana nyangumi alikuwa bado hajaibuka.