Kikao cha NyaKumwenda

Karani wa dirisha la pili alikuwa anamfokea mwanamke kiziwi. Hakuwa na ugomvi naye. Aliamini tu kwamba akipaza sauti zaidi, neno litapenya.

"Ma-re-he-mu," alisema, shingo ameinyoosha juu ya kaunta. "A-li-i-twa na-ni?"

Mwanamke alimtazama midomo, akafungua fundo la kitenge chake, akatoa kitambulisho na kukisukuma chini ya kioo kwa mara nyingine. Karani akakirudisha. Foleni nyuma ya mwanamke ilikwisha anza kucheka.

"Huyo ni bubu, bwana," mmoja alisema. "Mweke pembeni. Sisi wenzake tumekuja na maneno."

Ndipo Towera Nyasulu alipomgusa bega.

Towera hakuwa amemaliza mwezi kazini. Kazi yenyewe ilikuwa meza moja chini ya ngazi za ofisi ya wilaya, na ubao mpya ulioandikwa Dawati la Wasiosikia. Mama yake mzazi alikuwa kiziwi, na Towera alijua kusema kwa mikono kabla ya kujua kusema kwa mdomo. Kwa hiyo wafadhili walipoleta pesa za dawati, mtu wa kukaa hapo alipatikana bila kutafutwa sana.

"Umekuja kwa shida gani, dada?" alimuuliza kwa mikono.

Mwanamke aligeuka nyuma kuona kama mikono ile ilikuwa inasema na mtu mwingine. Alipojua ni yeye anayeulizwa, mikono yake ilifumuka kwa kasi, mpaka Towera akamwomba apunguze.

Aliitwa Lusungu Kumwenda. Mumewe alikufa mvua zilipokuwa zinakatika. Alimwachia watoto wawili, nyumba ya matofali, shamba la tumbaku na mabanda ya kukaushia. Matanga hayajaanuliwa, shemeji yake Edisoni Gondwe akaingiza tumbaku yake ndani ya mabanda. Baadaye akaingiza baiskeli yake sebuleni. Halafu siku moja akamsimamisha uani na kusema naye kwa ishara ambazo hata mtoto angezielewa: akaonyesha nyumba, akajipiga kifua, akamwonyesha yeye, akaonyesha barabara ya kwenda kwa wazazi wake. Kisha akatabasamu, akaonyesha kitanda. Kuondoka au kurithiwa, achague.

"Watu wa hapa wanasemaje?" Lusungu aliuliza. "Mtu akifa, nyumba yake ni ya nani?"

"Sheria inasema ni ya mke na watoto."

"Sheria ya nani?"

"Ya nchi. Ipo siku nyingi."

"Na watu wanaijua?"

"Wengine wanaijua."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

Towera akaangalia dirisha la pili, ambako foleni ilikuwa inasogea vizuri sasa. Akavuta kiti kingine. "Kaa," alisema. "Tuanze mwanzo."

Kesi ikafunguliwa. Ofisi ya ustawi wa jamii ilikuwa na kawaida ya kuwaita ndugu wa marehemu na mjane, wakae kitako wasuluhishwe, na kinachoamuliwa pale kiandikwe. Zamu ya kesi ya Lusungu ilikuwa mbali. Wakati wanasubiri, akawa anakuja bomani hata asipoitwa. Siku za gulio alifuatana na Towera, akiwatafuta viziwi wenzake katikati ya mafungu ya maharage na viazi. Yeye aliwajua: fundi cherehani wa nyuma ya kinu, mzee mchonga mipini, wasichana wawili mapacha ambao jirani zao walidhani ni mapunguani. Towera aliwaambia wote yale yale. Kuna mbolea ya ruzuku, kuna posho ya wazee, kuna cheti cha mtoto. Njooni bomani. Siku hizi pale kuna mtu wa kusema nanyi.

"Ni kweli," Lusungu alikuwa akiongezea, akijionyesha mwenyewe. "Nitazameni mimi."

Nao wakaja.

Siku wafadhili walipokuja kukagua, Bwana Mkandawire, mkuu wa ustawi wa jamii, alimpanga Lusungu mstari wa mbele. Alimshika mkono mbele ya kamera, akamshika tena kwa sababu mpiga picha hakuwa tayari. Katika hotuba yake alisema kwamba serikali imepata masikio. Towera aliigeuza sentensi hiyo kuwa ishara, na viziwi wakapunga mikono hewani, ndiyo makofi yao. Wageni wakafurahi sana, wakapunga na wao.

Wiki iliyofuata Towera alikuta meza imehamishwa. Juu yake sasa kulikuwa na mashine ya kutolea nakala.

"Mradi umefika mwisho wake, NyaNyasulu," Mkandawire alimwambia ofisini kwake. Alimwita kwa ukoo wa baba yake, kwa heshima, kama ilivyo desturi yao. "Mbona umeshangaa? Mkataba wako ulisema hivyo."

"Ulisema pia kwamba mradi ukiisha, wilaya itachukua dawati."

"Wilaya imelipokea. Shughuli zimeunganishwa na za kawaida."

"Za kawaida ni dirisha la pili, bwana."

"Basi ndiyo hilo hilo." Alicheka kidogo. "Umefanya kazi nzuri. Ripoti imetusifu sana."

"Na kikao cha NyaKumwenda? Ni Alhamisi."

"Kitakuwepo. Kwani nani kasema hakitakuwepo?"

"Nani atamtafsiria?"

Mkandawire akaanza kutafuta kitu kwenye droo. "Ndugu zake watakuwepo. Watu walioishi naye uani miaka yote hii watashindwa kumwelewa?"

"Hao ndio anaowashtaki."

"Anashtaki nani? Ule ni usuluhishi wa familia. Wewe ndiye uliyemfundisha neno kushtaki." Akafunga droo. "Njoo Alhamisi ukitaka. Bomani ni pa wote."

Alhamisi kulikuwa na upepo wa baridi ule wa Juni unaoshuka milimani na kuingia mifupani. Towera alifika mapema. Aliliona gari la Edisoni Gondwe linaingia getini, Gondwe kwenye usukani, mkewe Esinati na Lusungu nyuma. Kiti cha mbele alikuwa ameketi Bwana Mkandawire. Alishuka, akamshukuru Gondwe kwa lifti.

Lusungu alipomwona Towera uso ulimchangamka. "Nilijua utakuja," alisema. "Leo tunamaliza."

"Leo tunamaliza," Towera alimjibu.

Waliingia wote. Hata hawajakaa vizuri, Gondwe akanyoosha kidole.

"Mheshimiwa, huyu dada ni nani katika familia yetu?"

"Mimi ni mkalimani wake," Towera alisema.

"Wa ofisi gani?"

Towera alimtazama Mkandawire. Mkandawire alikuwa anapanga karatasi zake, akizigongagonga mezani zikae sawa.

"NyaNyasulu," alisema bila kuinua uso, "kwa sasa huna nafasi ya kikazi hapa. Na Bwana Gondwe ana haki ya kukataa mtu wa nje."

"Kwa hiyo atasikiaje?"

"Mimi nipo," Esinati alisema kwa upole. Ni kweli alikuwa amekaa uani na Lusungu tangu wote wawili ni wanawali walioolewa karibuni. Walikuwa wakisukana nywele. Walikuwa na ishara zao za kisima, za chumvi, za mtoto mwenye homa. "Tunaelewana na mwenzangu. Siku zote."

"Umeona," Mkandawire alisema. "Tusipotezeane muda. " Akamwita mlinzi wa mlangoni. "Askari, msaidie dada atoke."

Lusungu alisimama. "Vipi? Unakwenda wapi?"

"Wamenikataza kukaa ndani," Towera alimwambia huku askari amekwisha mshika kiwiko cha kulia, ishara zikitoka nusunusu. "Nitakuwa dirishani. Niangalie."

Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya upepo. Kutoka varandani Towera aliona midomo ikicheza na hakusikia kitu. Gondwe alisema, Mkandawire akaandika. Mkandawire alisema, Gondwe akatikisa kichwa kwa masikitiko. Esinati alisogeza kiti akaketi ana kwa ana na Lusungu, na mgongo wa koti la Gondwe ukaziba mikono yao. Towera alihama kwenda pembe nyingine ya dirisha. Aliona ishara ya nyumba, akaona ya kulala. Kisha bega la Gondwe tena. Aliegemeza paji la uso kwenye kioo, pumzi yake ikatia ukungu, akaufuta kwa mkono wa sweta.

Karatasi ikawekwa mbele ya Lusungu. Ilikuwa ya Kiingereza, kama zote za bomani; Lusungu alijua kuandika jina lake na maneno machache ya kwao. Hakuishika kalamu. Alimuuliza Esinati jambo. Esinati akamjibu kwa ufupi, akaonyesha dirishani.

Lusungu akageuka. Aliinua nyusi, na macho yake yakaganda kwenye macho ya Towera, yakiuliza.

Towera alidhani anaulizwa kama bado yupo. Akaitikia kwa kichwa, kwa nguvu: ndiyo, niko hapa, sijaenda popote.

Lusungu akachukua kalamu. Aliandika jina lake polepole, herufi moja moja, kama walivyomfundisha katika shule ya viziwi ya wamisionari, ulimi ukiwa pembeni mwa mdomo.

Yeye ndiye aliyetoka wa kwanza. Alikuja akitabasamu, akamshika Towera mikono yote miwili, kisha akaiachia apate kusema.

"Kumbe ulikuwa umeshaiandaa karatasi. Mbona hukuniambia?"

"Karatasi gani?"

"Esinati kaniambia wewe ndiye uliyeiandika. Nyumba ibaki yangu, shemeji atoe tumbaku yake. Sikumwamini. Nikamuuliza, Towera anajua? Akasema, muulize mwenyewe, yule pale." Alicheka kwa ile sauti yake nzito ambayo sokoni ilikuwa inawashtua watu. "Nikakuuliza."

Mkandawire alitokea mlangoni akifunga vifungo vya koti. "Umeona, NyaNyasulu? Bila makelele. Mwenyewe ameridhia. Nyumba na shamba anamwachia shemeji yake. Atachukua vyombo vyake vya jikoni, na watoto wanabaki kwa ukoo wa baba yao, maana ng'ombe wa mahari walitolewa. Mwisho wa mwezi atapelekwa kwao kwa heshima zote, gari lipo."

"Hakuambiwa hivyo," Towera alisema.

"Amesaini. Na wewe mwenyewe alikutazama ukamkubalia, sote tumeona. Au unataka kusema ulikuwa unatania?"

Lusungu alikuwa anawatazama, mara huyu mara yule. Tabasamu lilikuwa bado halijamtoka, lakini lilikuwa limesimama. "Anasemaje?"

Towera alitafsiri. Hakuacha neno. Nyumba, shamba, vyombo. Alipofika kwa watoto, alikosea ishara, akalazimika kurudia.

Lusungu alimtazama Esinati. Esinati alikuwa amejifunika shali kwa sababu ya baridi, na mikono yake ilikuwa ndani ya shali. Hakuitoa.

"Uliitikia kwa kichwa," Lusungu alisema.

"Sikujua unauliza nini. Walikuwa wameniziba. Nilidhani..."

"Nilikuuliza wewe. Ukaitikia."

"Lusungu, nisikilize. Haijaisha. Kuna rufaa. Hii ni ofisi tu, si mahakama. Tunakwenda kwa hakimu, lakini kuna muda, muda ukipita..."

Lusungu akafumba macho.

Aliyafumba kwa nguvu, kope zimekunjamana, kama mtu mwingine anavyoziba masikio. Towera alimgusa bega. Lusungu akarudi nyuma hatua moja na hakuyafungua. Getini Gondwe alipiga honi. Esinati akatoa mkono mmoja kwenye shali, akamshika mwenzake kiwiko, wakaanza kushuka ngazi, Lusungu akipapasa kwa mguu kila ngazi kabla ya kuikanyaga.

Towera alishuka pembeni yao akirudi kinyumenyume, mikono mbele ya uso ule uliofungwa. Hakimu. Rufaa. Usitoke ndani ya nyumba, hata wakileta gari, usitoke. Watu wa foleni ya dirisha la pili waligeuka kumwangalia.

"Na huyu naye bubu?" mmoja aliuliza.

Esinati alifungua mlango wa gari, akamwinamisha Lusungu kichwa asijigonge.