Poda Ndani ya Harmonika

Mnisikilize mimi, maana wifi yangu Estella akiisimulia hii hadithi anajitoa makosa yote.

Ilikuwa Jumamosi moja ya mwaka 2012, saa kumi jioni, kwenye klabu moja ya Greyville, hapa Durban. Mume wangu Désiré alikuwa mbele na harmonika mdomoni. Mimi Marie-Jeanne nilikuwa nyuma yake na gitaa la besi, Doudou na gitaa la solo, Ciza kwenye ngoma. Tulikuwa tunapiga bluzi, muziki wa Wamarekani weusi. Ndiyo, bluzi, Wakongo na Mrundi mmoja! Kanisani walituuliza kama rumba imeisha. Désiré alifundishwa harmonika na padri mmoja kule Bukavu, akaja nayo Durban mfukoni, akaunda bendi, na kwa miaka minne tukapiga kwenye harusi za watu mpaka tukachoka.

Siku ile ilikuwa ya kufa na kupona. Mwenye klabu alisema wateja wakisimama kucheza tunapata kazi kila Jumamosi, wakikaa, kwaheri. Na kiwanda cha magodoro alikokuwa anafanya kazi kule Mobeni kilishamwita Désiré kwa shifti ya Jumamosi. Aliniapia: "Leo ikishindikana, bendi naivunja." Namjua huyu mwanaume, akisema amesema.

Wimbo wa tatu, akaanza solo. Mama yangu! Harmonika ya bluzi haipulizwi tu, inavutwa kwa pumzi ya ndani, na Désiré akiivuta inalia mpaka unasisimka. Watu wakaacha glasi zao. Hapo ndipo dada yake, huyo Estella, aliposhindwa kujizuia. Kwetu Kongo mtu akifaulu mtihani anamwagiwa poda kichwani. Sawa, lakini si matokeo yatoke kwanza? Yeye akapanda jukwaani na kopo zima. "Kaka yangu amepita! Félicitations! Hongera!" Akamwaga, na Désiré yuko katikati ya kuvuta.

Poda yote ikaingia ndani ya harmonika. Akakohoa, macho yakamtoka, harmonika ikakata sauti. Nilitamani nimtwange Estella kwa besi.

Sasa, kila harmonika ina sauti yake ya msingi, ukibadili harmonika bendi nzima inabadili. Wimbo wetu ulikuwa kwenye noti ya sol, naye, kama bluzi inavyotaka, alikuwa anaupigia harmonika ya do. Akachomoa nyingine mfukoni, ya re, akanionyesha huku anakohoa. Maana yake tuhamie noti ya la, wote, palepale, bila kusimama.

"Doudou, panda la!"

"Iko nini?"

"La! La, we kiziwi!"

Vidole vyangu vikaruka, Doudou akafuata, na Désiré akaingia kwa nguvu zote. Wimbo mzima ukapanda ghafla. Eish, klabu ililipuka! Walidhani tumepanga, poda na yote. Wazulu, Wahindi, Wakongo, wote wima, na mwenye klabu mwenyewe anacheza na trei mkononi.

Tuliposhuka alikuja mbio. "Kila Jumamosi, rafiki yangu. Sharp, sawa?" Akamuuliza Désiré anafanya kazi gani.

Miaka yote ile Durban, polisi akiuliza, mwenye nyumba akiuliza, jibu la Désiré lilikuwa moja: magodoro. Nikamwona anajifuta uso kwa mkono.

"Mimi ni mwanamuziki," akasema.

Nililia mbele za watu wote, na sioni haya kuwaambia.