Ingia Kama Hujawahi Kuingia

"Ukilisogeza hilo kabati, mimi najitoa," Mjomba alikuwa anasema, na sauti yake ilishafika nyumba ya tatu. "Dada, nakuambia kama dalali, siyo kama mdogo wako. Ufa hauonyeshwi. Ufa unafunikwa."

"Sogea," Mama akamwambia.

"Nimeuza nyumba za watu mimi."

"Sogea, au nikusogeze pamoja na kabati."

Mimi nilikuwa upande wa pili wa hilo kabati, bega limebanwa ukutani, nangoja wakubwa waamue nisukume au nisisukume. Kabati lenyewe zito kama kesi. Lilishatoka nusu, na ule ufa ukawa nje, unaanzia juu ya dirisha unashuka chini umepinda pinda, utadhani umechorwa na mlevi akielekezwa njia.

Basi Mama akaja upande wangu, akaweka mikono karibu na yangu, tukasukuma. Mjomba akabaki na ndoo yake ya rangi kama mtu aliyekuja harusini akakuta msiba.

Kilichokuwepo ni hivi. Tulikuwa tunauza nyumba. Wanunuzi wa kwanza walipotea hivi hivi, simu hawapokei. Hawa wa pili, mtu na mkewe, waliipenda, lakini wakasema hawasaini kitu mpaka mkaguzi wao aje aipitie, na mkaguzi alikuwa anakuja kesho yake asubuhi. Na sisi hatukuwa na haraka ya kuuza kwa sababu nyingine yoyote zaidi ya Bibi.

Bibi ndiye mama yao, Mama na Mjomba. Alianguka akavunjika nyonga. Sasa nyumba yetu ni ya ghorofa, sebule na jiko chini, vyumba na bafu na choo juu. Bibi analala sebuleni kwenye kochi, na akitaka kwenda huko anakotaka kwenda, anayembeba ni mimi. Nimemaliza shule, majibu bado, kazi sina, Mjomba ameshanibatiza Likizo. Kwa hiyo Likizo anabeba. Sikatai, Bibi mwenyewe ni mwepesi. Kinachoniuma ni kwamba kuanzia alasiri hagusi maji. Anaona aibu kuniamsha usiku, kwa hiyo anakaa na kiu yake, ukimpa glasi anasema weka hapo, nitakunywa. Hanywi. Mama alikuwa amepata nyumba ya chini, choo kiko pale pale mlango wa pili kutoka kitandani, na mwenye nyumba hiyo amekubali kutungojea mpaka mwisho wa mwezi. Ndiyo hesabu yote ya nyumba yetu. Hawa wakikimbia, Bibi anabaki na kiu.

Sasa Mama anafundisha udereva. Gari lake lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja yake, na wanafunzi wanamwita Madam Breki, anajua, hajali. Yeye anasema kwenye mtihani wanaoanguka sana siyo wale wanaoanza. Ni wale ambao wameendesha miaka bila leseni. Mikono imeshazoea, inafanya mambo yenyewe, mtu hajui hata kama amefanya. Kwa hiyo baada ya kabati akajifuta jasho, akasema tatizo siyo ufa, ufa tunaujua. Tatizo ni yale tusiyoyajua, na hatuyajui kwa sababu tunaishi humu.

Akanigeukia. "Toka nje. Piga hodi. Ingia kama hujawahi kuingia."

Nikatoka. Nikapiga hodi, nikaingia na mikono nyuma kama mtu mwenye hela, nikamsalimia Bibi, nikamuuliza hii nyumba vipi, inauzwa? Bibi akajibu kutoka kwenye kochi kwamba haiuzwi kwa watu ambao hawajapiga mswaki. Nikazunguka, nikasifia pazia, nikaanza kupanda ngazi.

"Simama hapo hapo. Umeruka nini?"

Nikamwambia sijaruka kitu. Akasema rudi, panda tena. Nikapanda tena, na safari hii nikajitazama miguu, na kweli, ngazi ya nne nilikuwa naipita juu kama dimbwi. Sijaikanyaga tangu niko mdogo. Hakuna mtu anaikanyaga. Nikaiwekea mguu, ikalia kama mbuzi, ikazama. Mama akachukua selotepu nyekundu, akakata kipande, akakibandika pale.

Mjomba akacheka, akaweka ndoo chini. Akaniambia pisha Likizo, uone watu wa kazi. Yeye kila siku anaingia nyumba za watu, anajua mnunuzi anaangalia nini. Akapanda, akaenda bafuni, akasema mnunuzi wa kweli lazima afungue bomba. Akafungua. Halafu, bila hata kuangalia, akainama akalipiga lile bomba makofi mawili kwa chini, na maji yakatoka.

Mama alikuwa mlangoni. "Bomba la watu unalipiga la nini?"

Mjomba akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Ameoa, amehama zamani, ana nyumba yake, lakini mkono bado unaishi kwetu. Huko chini Bibi alisikia yote, akacheka mpaka akakohoa, na ilikuwa siku nyingi hajacheka.

Baada ya hapo ikawa kama mchezo. Mama alikuwa anatufuata na selotepu, anabandika. Soketi ya jikoni ambayo wote tunajua ukichomeka pasi usiwashe birika. Dirisha lililofungwa na waya. Yeye mwenyewe hakupona. Alikuwa ananielekeza kitu kwenye korido, akazima taa kwa kuigonga swichi na bega, kwa sababu kwa kidole haizimiki. Nikamuuliza, Madam, hiyo ni alama gani ya barabarani? Akasimama. Ungekuwa wewe ungetafuta maneno, ungesema swichi ilikuwa nzima jana. Yeye akakata kipande, akanipa.

"Bandika."

Hapo ndipo Bibi akaita, akauliza na lile doa tumelibandikia selotepu. Doa gani? La juu, bafuni, kwenye dari. Tukaenda, tukainua vichwa. Lipo. Kubwa kama sinia, kingo zake za kahawia. Nimembeba Bibi asubuhi na jioni kuingia bafu lile lile, lakini mimi natazama ninapokanyaga, yeye ndiye anatazama juu.

Mama akashuka akamuuliza ameliona tangu lini. Bibi akasema tangu mvua zile. Sasa mbona hukusema?

"Nilidhani mnaliona. Halafu mimi nabebwa, mwanangu. Nibebwe na nianze kulalamika njiani?"

Mama alimrekebishia shuka miguuni, akainuka.

Mjomba akasema sasa hapo ndoo yangu ina kazi, mkono mmoja tu wa rangi, kesho doa halipo. Mama akasema hakuna rangi. Tunachojua kutengeneza tunatengeneza, tusichojua tunakiacha wazi na njia ya kukifikia. Kuna mlango mdogo wa dari kule juu, stoo ya karibu na bafu, na chini yake kulikuwa na masanduku, baiskeli yangu ya utotoni, na godoro ambalo hakuna aliyejua ni la nani. Tukatoa vyote. Akaweka ngazi ya mbao pale, akaijaribu yeye mwenyewe kama inatikisika.

Na hapa nimpe Mjomba haki yake. Akinuna anafanya kazi vizuri kuliko akifurahi. Alibadilisha washa ya bomba, kile kimpira cha ndani, akanishikia ubao mimi nikipigilia ngazi ya nne, akatengeneza dirisha, na muda wote anaongea peke yake kwamba dada yake angekuwa muuza samaki angewaonyesha watu kwanza wale waliooza. Soketi na swichi hatukuzigusa. Mama alisema hakuna fundi umeme humu ndani, na maiti haisaini mkataba.

Asubuhi mkaguzi akaja. Kijana mfupi, ovaroli imeisha magotini, taa kwenye paji la uso. Wenye hela zao walikuwa waje mchana kumsikiliza. Hakuwa mtu wa maneno. Aliposalimia akaona selotepu ya kwanza, akauliza nani amebandika. Mama akasema sisi. Mkaguzi akasema watu huwa wanafunika na maua.

Akaanza na ufa. Akauparua na kucha, akagonga ukuta huku na huku na sikio limeinama, akasema ni plasta tu, ukuta wenyewe ni mzima. Mjomba akatoa pumzi kama tairi. Halafu yule kijana akapanda juu, akaingia stoo, akapotelea kwenye dari. Tukabaki chini tunasikiliza magoti yake. Alikaa huko mpaka nikaanza kuhesabu vitu visivyo na maana, maua ya pazia.

Aliposhuka mpaka sebuleni alikuwa na kipande cha mbao mkononi. Akakifinya mbele yetu, kikamomonyoka kama keki ya juzi. Kigae kimevunjika juu ya bafu, maji yanaingia, boriti moja imeoza. Nyingine nzima, lakini hiyo imekwisha.

Nikamwangalia Bibi kule kwenye kochi, alikuwa anaangalia mikono yake.

Mjomba akakohoa. Akamsogelea mkaguzi, akaanza kwa ile sauti ya biashara, kaka, wewe ni mtu mzima, haya mambo yanazungumzika, na mkono wake ukaingia mfukoni.

Mama hakugeuza hata shingo. "Huo mkono utoke mfukoni mtupu."

Ukatoka mtupu.

Halafu akamwomba mkaguzi taa yake. Akavua viatu, akakusanya sketi, akaenda juu na sisi nyuma yake mpaka stoo, akapanda ile ngazi ya mbao akaingia kwenye dari. Mama yangu, ambaye akiona mende anahama chumba. Tukamsikia anatembea juu yetu taratibu, kwenye mbao, mpaka usawa wa bafu, akatulia huko. Mkaguzi alikuwa amesimama anaangalia juu, mdomo wazi kidogo. Akasema hajawahi kuona mwenye nyumba anapanda.

Akashuka na utando wa buibui kichwani. Akamuuliza mkaguzi, tukianza leo, utaandika nini?

Yule kijana akasema anaandika anachokiona. Akiona mbao mbovu, anaandika mbao mbovu. Bado ana kazi ya nje, mitaro, tangi, na ukuta wa uani, mpaka mchana. Akirudi ndani akamkuta seremala yuko juu na mbao mpya, hicho nacho atakuwa amekiona.

"Na wakija," Mama akasema, "nitawaambia mimi kabla hujawaambia wewe."

Mjomba akasema watakimbia.

"Wakikimbia, wakimbie wameambiwa na mimi."

Sauti ilikuwa ile ile ya Madam Breki, lakini nilikuwa karibu naye, nikaona anajaribu kuvaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia. Alikuwa anaogopa kama sisi. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa anaogopa huku anaendelea.

Mjomba akamwangalia dada yake na ule utando kichwani. Akavua saa. Akavua shati lake la udalali, akabaki na singlendi, akasema vigae ataanza kuvitoa yeye, kuna seremala nyuma ya kituo cha mafuta, mtu wa kazi, ila simu hazimjui, lazima afuatwe. Wote wakaniangalia. Mama akanipa kile kipande kilichooza nikamwonyeshe fundi aina ya mbao.

Nikafika mlangoni, Bibi akaita jina langu, polepole, ile namna ya kuita ambayo mimi naijua maana yake. Nikasimama. Nilianza kurudi.

Mjomba, aliyeshuka nyuma yangu, akanishika bega akanisukuma upande. Tangu nyonga ivunjike hajawahi kumbeba, huwa anakuja na machungwa, anakaa, anaondoka. Akaenda akachuchumaa mbele ya kochi, akampa mama yake mgongo.

"Panda, Mama."

"Unajua kubeba wewe?"

"Utanifundisha njiani."

Bibi akamzungushia mikono shingoni, akaniambia nimfuate huyo fundi kabla hajapata kazi kwa mtu mwingine. Nikaweka mbao mfukoni, nikatoka, nikafunga mlango.