Mbao za Shangazi

Shangazi alistaafu ualimu Ijumaa. Jumatatu akatangaza kwamba anataka kuteleza juu ya maji akivutwa na boti. Ukoo mzima ulishika vichwa. Aliyenyamaza ni binti wa kaka yake, fundi wa boti pale ziwani, kwa kuwa alijua kubishana na shangazi ni kujichosha bure. Alichofanya ni kumsindikiza kwa muuza vifaa vilivyotumika, bwana mmoja aliyeitwa Nyororo kwa sababu ya maneno yake.

Duka lenyewe lilikuwa banda la mabati linalonuka mpira na rangi mbichi. Mbao za kutelezea zilisimama ukutani jozi kwa jozi. Shangazi akaziendea moja kwa moja zile nyekundu, zilizong'aa utadhani zimetoka kiwandani jana.

"Hizi zimenipenda," akasema.

"Mama una jicho," Nyororo akasema. "Mwenyewe alizitumia mara mbili tu, akahama."

Fundi akaulaza ubao mmoja, akaanza kuugonga kwa mpini wa bisibisi kuanzia nchani. Ko, ko, ko. Karibu na kiatu cha mpira, pale mguu unapokaa, mlio ukawa pu, kama papai lililooza. Akapabonyeza kwa kidole gumba, pakabonyea.

"Tabaka za ndani zimeachana," akasema. "Na hii rangi mpya imefunika ufa unaoanzia kwenye skrubu."

"Hiyo ni sura tu, dada. Kila kilichotumika kina alama."

Fundi akavuta kutoka kona jozi ya kijani iliyochubuka vibaya, stika nusunusu, ncha zimelika. Akagonga, mlio mmoja mwanzo hadi mwisho. Akaukunja ubao kidogo juu ya goti, ukarudi sawasawa bila kulia. Skrubu zimekaza, pezi la chini halichezi.

"Sura tu ndiyo hii. Mikwaruzo haijaingia ndani. Ule mwekundu utavunjika ukiwa kwenye mwendo, na mguu bado umo."

Shangazi akazitazama zile za kijani kwa huzuni. "Zimefanana na mume wangu."

"Na miaka thelathini na minane hajavunjika."

Nyororo, akiona biashara inamponyoka, akaulaza ubao mwekundu juu ya matofali mawili. "Panda mwenyewe, mama, uhakikishe."

Shangazi hakuwa mwembamba wa kupeperushwa na upepo. Fundi alifungua mdomo amzuie, lakini viatu vilikwisha vuliwa na shangazi yuko juu. Ubao ukalia kaa, ukakatika pale pale kwenye skrubu, na mwalimu mstaafu akakaa kitako sakafuni, gauni limempanda hadi magotini.

"Na hii nayo ni sura?" akauliza kutoka huko chini.

Nyororo akazivuta zile za kijani, akaanza kuzifuta vumbi.

Jumamosi shangazi aliingia ziwani na zile za kijani. Alianguka mara kumi na moja, akanywa maji ya kutosha, akamtukana dereva wa boti kwa maneno ambayo hakuwahi kuyafundisha darasani. Mara ya kumi na mbili akasimama, makalio yamebaki nyuma kama yana safari yao, akafika mpaka boya la pili. Fundi, aliyekaa nyuma ya boti, alijikuta anapiga makofi na machozi yanamtoka, akasingizia moshi wa injini.

Shangazi alipopandishwa botini hakusifu wala hakushukuru. Alihema kwanza, kisha akauliza kama ni kweli wapo wanaoteleza kwa mguu mmoja.

Fundi akajifanya anakaza nati.