Kondori Aliyeshiba

Korongo limekigawa kijiji chetu: sisi wa Juu, wao wa Chini. Kila karnivali tunachambana kwa nyimbo, na aliyeaibika mwaka huo huimbwa hadi mbwa wamjue. Kwa hiyo mjomba wangu, Saturnino Huillca, alipochaguliwa kuwa baba wa ubatizo wa kondori, ndege mkubwa mla mizoga, aliyelelewa kizimbani mjini na sasa anarudishwa milimani, watu wa Juu tulitembea vifua mbele.

"Asile kitu," daktari wa ndege alimwonya mjomba. "Akishiba, haruki."

Mjomba aliitikia kwa kichwa. Asubuhi ya kumwachilia nilimkuta akisukuma paja zima la alpaka, mnyama wetu wa sufu, ndani ya kizimba.

"Baba gani wa ubatizo humtoa mwanawe nyumbani na tumbo tupu?" aliniuliza.

Kwetu hata mwizi hula kwanza ndipo afukuzwe.

Adhuhuri, upepo wa joto ulipoanza kupanda korongoni, pande zote mbili zilijaa ukingoni. Pombe ya mahindi ikamwagwa kwa heshima ya milima, filimbi zikalia, kizimba kikafunguliwa. Kondori akatoka kwa mwendo wa bwana harusi mzee, akatukagua, akakaa.

Akachambua manyoya. Akafumba jicho moja.

"Wee Saturnino!" alipaza sauti Mama Melecia, mtunzi mkali wa nyimbo za Chini. "Mwanao tumwachilie au tumtandikie kitanda?"

Kicheko kikapasuka.

"Anasali," mjomba akajibu, jasho likimchuruzika. "Nyinyi wa Chini mtajulia wapi sala?"

"Anasali na tumbo kama ngoma? Jamani, ubeti wa kwanza nimeshaupata!"

Daktari akamkazia mjomba macho. Mjomba akaitazama milima, kana kwamba ndiyo iliyoleta paja. Kisha uvumilivu ukamwishia. Akapiga magoti mbele ya ndege, na joho lake jipya la sufu, akampungia kofia usoni.

"Ruka, mwanangu! Nakuomba, usinivue nguo mbele ya hawa!"

Kondori akashtuka. Shingo ikarefuka, ikajikunja, na paja lote la alpaka likamrudia mjomba kifuani. Ndege, sasa mwepesi, akakimbia hatua chache akajitupa korongoni.

Tukainama ukingoni kumtafuta. Halafu akaibuka, mabawa wazi, akapita juu ya vichwa vyetu hadi tukasikia upepo ukiimba katika manyoya yake. Juu na Chini tukapiga kelele pamoja. Hata Melecia alivua kofia.

"Ameruka!" mjomba akanguruma. "Ubeti wako uko wapi sasa, Mama?"

"Uko hapo kifuani pako," akajibu Melecia, ameziba pua.

Mjomba alikataa kulifua lile joho. Baraka ya mwana, alisema, haifuliwi. Akaja nalo karnivali, akakaa mstari wa mbele, akimwonyesha kila mtu kidoa cheusi angani, mwanawe akizunguka juu ya kilele. Chini wakaimba, wakaimba tena. Mimi nilikuwa nimetunga majibu makali, ya kuwachoma mpaka wajukuu. Lakini kila nilipofungua mdomo, upepo uligeuka ukavuma kutoka kwa mjomba na joho lake, nikaufunga.