Wafu Walipoisha Nyumbani kwa Johana

Jumatatu ya kwanza ya Machi, mwaka wa 1997, Chelangat alimning'iniza mwanawe kwenye mizani ya kliniki. Sista Dorine akasubiri mshale utulie, akaandika kilo tano na nusu. Februari ilikuwa kilo tano na nusu. Krismasi, pamoja na sherehe zake zote, kilo tano na nusu. Kadi ilikuwa imejaa, nayo ilikuwa ya nne. Mtoto alikuwa na miaka sita, hana jino hata moja, na shingo ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kukaza.

"Ananyonya?"

"Ananyonya, sista."

"Anaharisha?"

"Hapana."

"Basi ni mzima. Mwingine aje!"

Chelangat akamfunga mgongoni, akashika njia ya kupanda Kapchemuta, kile kilima kilicho juu ya Kapkatet. Hakumlaumu sista. Shida ya mtoto ilijulikana na kila mtu kilimani, na haikuwa ya hospitali. Shida ilikuwa kwamba wafu walikuwa wameisha.

Kwa Wakipsigis mtoto hapewi jina hivi hivi tu kama ng'ombe wa mnadani. Akina mama wazee humzunguka, wakamtajia majina ya watu wa ukoo waliokufa, mmoja baada ya mwingine, na ugoro kidogo puani wa kumsaidia. Akipiga chafya, basi yule aliyetajwa ndiye aliyerudi, na nyumba nzima hucheka na kumkaribisha. Ni utaratibu mzuri, tena hauna gharama. Una sharti moja tu: lazima watu wafe.

Nyumbani kwa Johana, babu wa mume wa Chelangat, mtu wa mwisho kufa alikufa mwaka wa 1963, mwaka ule walipopanda chai. Tangu hapo hakuna aliyeondoka. Wengine walisema ni hiyo chai, wengine wakasema ni mursik, yale maziwa ya mgando ya kibuyuni, wengine maji ya mto. Wasomi walikuja na chupa, wakachukua maji, wakachukua mkojo, wakasema majibu yatatumwa. Mpaka leo majibu yako njiani.

Kwa miaka ya kwanza watu walifurahi, nani hangefurahi? Lakini watoto waliendelea kuzaliwa, na kila mmoja alikuja na mfu wake, hadi ghala likawa tupu. Mfu wa mwisho, yule bibi wa 1963, alichukuliwa na mtoto wa mke mwingine wa ukoo. Wa Chelangat alipozaliwa, senge Elmina, shangazi ya mume wake na mtaalamu wa majina, alitaja wafu wote mpaka mwisho, akaanza upya, akataja wengine ambao hata yeye hakuwa na hakika kama waliwahi kuishi. Kopo zima la ugoro likaisha. Akina mama walipiga chafya wao wenyewe, mtoto akawa anawatazama tu.

"Humu ndani hakuna mtu," Elmina akasema, akafunga kopo.

Na mtoto asiye na mtu ndani yake atakua na nini? Hakukua. Kanisani walimbatiza Cate, na jina hilo likamkaa kama kofia, kuvaa na kuvua, kichwa chenyewe kikabaki kilekile. Wake wengine wa boma lile waliona mambo hayo, wakaamua kungoja kwanza. Kwa hiyo kwa miaka sita pale palikuwa na kitoto kimoja tu, na kilikuwa kilekile.

Wazee ndio walikuwa wengi. Johana mwenyewe alikuwa na miaka mia moja ishirini na moja, masikio mazuri, macho mazuri, tumbo la kusaga mahindi. Alikuwa na wana wanane. Mkubwa, Isaiah, alikuwa na themanini na tisa. Kitinda mimba sitini na mbili, na huyo ndiye aliyekuwa katibu wa vijana kanisani, akienda mikutanoni na fimbo. Kapchemuta kijana ni mtu yeyote wa chini ya sabini. Kimeli, mume wa Chelangat, mjukuu, mwenye miaka arobaini na mmoja, alikuwa hata bado hajafika kuitwa kijana. Alitumwa kuni.

Shamba lilikuwa ekari tisa na hati moja, na hati ililala chini ya godoro la Johana. Majani yote yalikwenda kituo cha kuuzia chai kwa namba ya Johana. Isaiah hakuweza kupogoa mstari mmoja wa chai bila ruhusa, na ruhusa aliiomba akiwa amevua kofia. Kimeli aliomba mara kumi na moja apewe mahali pa kujenga, maana kibanda chao kilivuja hata wakati wa umande. Kila mtu alijibiwa sawasawa. Johana alikohoa mara mbili, akatazama chai yake, akasema, "Bado."

Hakuwa mtu mbaya. Katika ujana wake aliona Wazungu wakipima ardhi ya baba yake kwa mnyororo, na ilipokwisha kupimwa ikaondoka, ikawa chai ya watu wengine. Ardhi ikipimwa huondoka, hivyo ndivyo alivyosema, na nani angembishia? Ni yeye peke yake aliyekuwepo.

Chelangat hakuwa na neno na ardhi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na lake lilikuwa limeumia miaka sita. Alichuma chai na mtoto mgongoni, kikapu juu ya mtoto, mvua juu ya kikapu. Wenzake walioolewa pamoja naye watoto wao walikuwa wanasoma darasa la kwanza, wanawaita mama kutoka ng'ambo ya bonde, mama hii, mama ile, hadi wanachosha. Yeye alitaka kuchoshwa hivyo. Kila usiku alimwambia Cate, "Sema mama," na Cate akatoa povu mdomoni.

Jioni ya Jumatatu hiyo ya kliniki alimpelekea Johana mursik, kama siku zote. Mzee alikuwa ameketi mlangoni kwake anaangalia mistari ya chai. Chelangat alimpa kibuyu kwa mikono miwili, lakini hakuondoka.

"Kugo," akasema, maana hivyo ndivyo babu huitwa, "huyu mtoto ana miaka sita."

"Najua."

"Hajaota jino."

"Naona."

Mzee akatikisa kibuyu, akanywa, akafuta mdomo. Akamtazama mke wa mjukuu wake kwa muda, na wala hakukasirika.

"Unataka nife," akasema.

"Sijasema hivyo, Kugo."

"Umesema vizuri sana. Wanangu wananitakia hivyo miaka arobaini na hakuna aliyeweza kulisema hilo kwa adabu." Akaweka kibuyu chini. "Mlete nimwone."

Chelangat akamfungua mtoto. Johana akampima uzito kwa kiganja, akamfunua midomo akaangalia fizi, akamminya miguu, akamgeuza akaangalia mgongo. Alimkagua kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga, na maswali yake yalikuwa ya mpangaji.

"Analala wapi?"

"Karibu na moto."

"Paa linavuja?"

"Linavuja, Kugo. Kimeli aliomba mahali pa kujenga."

"Eh, nakumbuka. Anapewa maziwa ya ng'ombe gani?"

"Yule mweusi."

"Mweusi ni mzuri." Akamtazama mtoto tena usoni. "Ni msichana."

"Ndiyo, Kugo."

"Msichana hapewi shamba."

"Hapewi."

Johana alifikiri jambo hilo mpaka mursik ikaisha. Halafu akamrudishia mtoto. "Nikimaliza kupogoa upande wa chini," akasema. "Na usimwoze mbali."

Akamaliza kupogoa Aprili tarehe kumi na nne, akaosha mikono, akalala, akafa. Kwa kuwa ni mtu wa kutimiza neno, hakuna aliyeshangaa.

Shida ilikuwa mazishi, kwa sababu watu walikuwa wamesahau. Wale wanane walizunguka kitanda wakiulizana nani anaanza kulia na kaburi huchimbwa likielekea wapi. Ilibidi waombe watu wa Chepilat, ambako watu walikuwa wakifa kama kawaida, waje kuwaonyesha. Jeneza lilipatikana Kapkatet kwa Gitonga, mwenye duka la misumari na mabati. Alilinunua miaka tisa iliyopita alipokuja kutoka Murang'a, kwa kuwa hakuwa ameambiwa habari za kilima kile, na tangu siku hizo alikuwa akiwekea maharagwe ndani yake. Aliyamwaga maharagwe, akafuta vumbi, akalisindikiza mwenyewe hadi kaburini.

"Hatimaye," alimwambia Isaiah, kisha akaona aibu, akasema pole.

Siku ya nne senge Elmina alikuja na ugoro. Nyumba ya Chelangat ilijaa wanawake hadi mlangoni. Chelangat alimpakata mtoto. Kama Johana angechagua kwenda kwingine, au kupumzika tu kama mtu aliyechoka, hapangekuwa na mwingine wa kutajwa. Elmina akaketi, akafungua kopo, akakohoa kidogo. "Johana," akasema, "uko?"

Ugoro ulikuwa haujafika puani. Cate alipiga chafya mara tatu mfululizo, ya tatu ikamwangushia Elmina kopo.

Wanawake walipiga vigelegele hadi kuku wakaruka uzio. "Karibu, Kugo! Karibu nyumbani!" Chelangat alilia bila kujificha, kamasi na machozi, akimbusu mtoto kila mahali. Jioni hiyohiyo jino la kwanza lilichomoza. Mei lilikuwa na wenzake watano. Juni mtoto alikaa, Agosti akatambaa, na kwenye kliniki mshale ukapita mahali ambapo haukuwahi kufika.

"Siku hizi unampa nini?" sista Dorine aliuliza.

"Amepata jina, sista."

Sista akaandika kwenye kadi, pale pa maelezo: amepata jina. Kisha akaita mwingine.

Watu walimwita Kugo, kama desturi inavyotaka, na wengine walimsalimia kwa mikono miwili. Yeye aliwatazama kwa utulivu. Alikataa maziwa ya ng'ombe mwekundu. Akiwekwa chini alitambaa hadi mlangoni, akakaa, akatazama mistari ya chai mpaka jua lizame. Chelangat aliyaona yote hayo na hayakumsumbua, maana mtoto alikuwa anakua, na kila usiku alimkazania, "Sema mama. Ma-ma." Mtoto alisikiliza vizuri sana, kama mtu anayesikiliza ombi.

Februari mwaka uliofuata wana wa Johana walileta sovea wa kupima ardhi kutoka Kericho. Alikuja na utepe, vigingi na fomu, na naibu wa chifu akaja kushuhudia. Wale wanane walipanga mstari, wamevaa kofia zao nzuri, na Isaiah, aliyefikisha tisini, alikuwa ameota ndoto ya sehemu yake hadi anajua mti ambao angekaa chini yake. Kimeli alikuwa ameweka mawe manne mahali atakapojenga. Alimwonyesha Chelangat: hapa mlango, hapa jiko, hapa mtoto atalala pakavu. Chelangat alisimama nyuma na wanawake wengine, Cate mgongoni.

Sovea akafungua utepe, akampa kitinda mimba ncha moja aishike. "Kabla hatujaanza," akasema, "sheria inanitaka niulize. Kuna mwenye pingamizi?"

Wale wanane wakatikisa vichwa. Hata wakwe waliokuja kutazama walitikisa vyao. Halafu nyuma kabisa pakasikika mtu akikohoa mara mbili.

"Bado," akasema mtoto.

Lilikuwa neno lake la kwanza, nalo lilitoka safi, halikukosa herufi. Kitinda mimba aliachia utepe, ukajikunja wenyewe kwenye nyasi hadi miguuni kwa sovea. Sovea akatazama fomu. Mwenye shamba: Johana.

"Nani amesema?" akauliza.

"Johana," akajibu Elmina.

Sovea akaandika kwamba mwenye shamba amepinga, naibu wa chifu akatia sahihi, wakaandaliwa chai. Isaiah akautazama mti wake. Mwishowe akavua kofia.

"Tumesikia, mzee," akasema, akaenda kutafuta panga la kupogolea. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja, wakubwa wakitangulia. Kimeli aliyaangalia mawe yake manne. Wingu la saa nane lilikuwa linakuja kutoka upande wa Sosiot, kwa hiyo akaingia ndani kutafuta karai la kukinga paa.

Chelangat alichukua kikapu akaenda shambani, sehemu ya juu, ambako hakuna mtu. Moyo ulimuuma kwa ajili ya Kimeli, ukamuuma kwa ajili ya yule mzee wa miaka tisini na mti wake. Lakini wazo jingine lilikuwa limepita kichwani mwake, na hilo ndilo lililomfanya amfungue mtoto, amkalishe kati ya mistari, achuchumae mbele yake. Kwani si amekwisha kuanza kusema?

"Cate," akasema. "Kugo. Yeyote uliye. Sema mama."

Mtoto akamtazama usoni, kwa upole, kama anavyotazamwa mke wa mjukuu aliyeleta mursik bila kukosa siku hata moja. Akakohoa mara mbili.

"Bado," akasema.

Chelangat alicheka, kisha akalia, kisha matone ya kwanza yakaanza kuanguka na kituo hufungwa saa kumi. Akamfunga mgongoni, akaweka kikapu juu yake, akaanza kuchuma. Mtoto alikuwa mzito siku hizi, na hicho ndicho alichokuwa ameomba.